Uboho wa Kaka, Aibu ya Dada

Mimi ni mtu wa ndani. Wako wanaolisema hilo kwa kujisifu, kwamba wametulia. Mimi nalisema kwa sababu ni kweli, na nikikana majirani watanisuta. Nyumbani kwangu Msambweni nina dirisha linalotazama njia ya shule. Chini ya dirisha pana friza, ndani ya friza mna barafu za ukwaju na za maziwa, na nyuma ya friza niko mimi. Watoto wanagonga, natoa barafu, narudi kwenye redio yangu. Mume wangu ni dobi katika hoteli moja huko Diani. Hulala huko huko kazini na kuja siku zake za mapumziko, akinukia sabuni hata akiwa na hasira.

Friza hiyo niliipata kwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu. Yeye ni fundi wa friji na mashine za kupoza hewa. Aliiokota ikiwa maiti nyuma ya hoteli, akaifufua, akaniletea juu ya mkokoteni huku akipiga kelele njia nzima kwamba bibi harusi amefika. Ndiye pia aliyekuwa akiwaambia watu kwamba dada yake akifika Ukunda tu hapo jirani huanza kutafuta pasipoti. Namna yake ya kupenda ni kukutania mpaka utamani kumpiga na mwiko.

Basi akaugua yeye.

Mwanzoni tulidhani ni malaria, maana pwani kila kitu huanza kwa kudhaniwa malaria. Alichoka, akakonda, akawa anapiga mswaki na kutema damu. Alijigonga kidogo kwenye kona ya friza yangu akavimba paja zima likawa rangi ya zambarau. "Dada," aliniambia, "mimi nimevuja gesi. Injini inazunguka lakini baridi haitoki." Nilimcheka. Baadaye, walipomthibitishia kwamba ni saratani ya damu, nilikikumbuka kicheko kile na sikujua nikifiche wapi.

Alipelekwa Nairobi pamoja na mkewe. Dawa zile kali zilimng'oa nywele, zikamchuna mdomo kwa ndani, lakini zikaufagia ugonjwa. Tulishangilia kabla ya wakati. Daktari wake, binti mmoja wa bara, mpole, alitupigia simu akatufafanulia, mimi na kaka yetu mkubwa tukiwa tumeinamia simu moja kama kuku juu ya bakuli. Alisema ugonjwa umefagiwa lakini utarudi, kwa sababu kiwanda chenyewe kimeharibika. Damu, alisema, hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, na humo mna seli zinazoitwa seli shina. Hizo bado hazijaamua kuwa kitu gani. Moja ikizaa, watoto wake waweza kuwa damu nyekundu, au askari wa mwili, au zile zinazoziba kidonda. Wao watamchoma dawa mpaka kiwanda chake kife chote, halafu wamtilie seli shina za mtu mwingine, nazo zitajitafutia njia mpaka ndani ya mifupa, zikae, zianze kazi.

Kaka mkubwa aliguna kama mtu aliyeelewa. Mimi biolojia ya kidato cha nne nilipata alama ambayo mwalimu alinionea huruma, lakini hili nililielewa kuliko yeye. Ni chachu. Ukibakiza kidonge cha unga wa jana, kikiwa hai, kinaumua bakuli zima la leo. Nilimwambia daktari hivyo. Akasema, "Mama, nitawaambia wagonjwa wangu wengine hivyo hivyo." Nikavimba kichwa wiki nzima.

Shida ni kwamba chachu yenyewe haiwezi kuwa ya mtu yeyote tu. Lazima alama zilizo juu ya seli zifanane, na pa kuanzia kutafuta ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Sisi tuko watatu: kaka mkubwa, mimi, na huyo mgonjwa. Wazazi wote wawili wameshatangulia. Tulipimwa sisi wawili, majibu yakaja. Kaka mkubwa alifanana na mdogo wetu nusu. Mimi nilifanana naye sawa kwa sawa, kila alama. Daktari alisema nusu nayo hutumika siku hizi, lakini seli za nusu huweza kuingia kwa ubishi, zikaushambulia mwili wa mwenyeji kama wapangaji wanaodai nyumba ni yao. Za kwangu zingekaa kwa adabu.

Hapo ndipo nilipoharibika. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuwa wa kwanza katika lolote, leo mifupa yake ndiyo inayotafutwa Nairobi! Nilianza kutembea kwa madaha kutoka chumbani mpaka jikoni. Mtoto akija kununua barafu nilimweleza habari za uboho wangu mpaka barafu ikamyeyukia mkononi. Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, mwanamke ambaye hata jogoo humwamkia, aliamua kwamba uboho hujengwa kwa uboho. Akawa ananiletea mchuzi wa makongoro kila siku. Kwato za ng'ombe, jamani, asubuhi na mapema. Nilikunywa kwa ajili ya mdogo wangu. Tumbo likaanza kunijaa, nikasema ni makongoro. Asubuhi kichefuchefu, nikasema makongoro hayo. Mwezi ukapita bila kuona siku zangu, na mwingine, nikasema alhamdulillahi, umri umefika, sasa nitastarehe.

Yafaa mjue pia kwamba miaka kadhaa nyuma, binti yangu alipoolewa na kunipa mjukuu, mimi nilitangaza kuhama kitanda. Kwetu ukishakuwa na mkwe, yaani mwanamume mwenye heshima zake anayekuamkia macho chini, kuendelea kuzaa ni fedheha. Mama na binti wakibeba mimba pamoja, wanawake huwatungia maneno kwenye kila harusi mpaka mtoto huyo naye aoe. Kwa hiyo nilitandika kitanda cha kamba chumba cha pili, nikasema mimi nalala huku na mjukuu wangu, na nikahakikisha kila mtu amekiona. Mume wangu hakubisha. Yeye si mtu wa kubishana. Ni mtu wa kusubiri.

Nikapanda treni kwenda Nairobi nimejitanda buibui jipya, na chupa ya mchuzi wa makongoro kwenye kikapu.

Siku ya kuchunguzwa, nesi mmoja mwenye uso wa kitoto aliniuliza maswali mengi, kisha hili: "Mama, kuna uwezekano wowote una mimba?"

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nimeshafunga duka. Hata kibao nimeteremsha."

Alicheka mpaka akashika meza. Lakini kikopo cha mkojo alinipa vile vile, maana ndiyo kawaida yao, na mimi nikaenda huku nikimhurumia kwa kupoteza kikopo.

Baadaye daktari aliniita peke yangu, akafunga mlango. Alivuta kiti akaketi upande wangu wa meza, nikajua kuna msiba. Nilidhani atasema nami ninayo saratani. Alisema nina mimba, na kwa makadirio yake si changa sana.

Sikulia. Nilichofanya ni kutazama kikapu changu chenye ile chupa ya makongoro.

"Sindano za kuzitoa seli shina kwenye uboho siwezi kukupa ukiwa na mimba," alisema. "Wala siwezi kukulaza nikakutoboa nyonga. Na mgonjwa hawezi kusubiri mpaka ujifungue. Ugonjwa ukirudi kabla hatujambadilishia uboho, hali itakuwa mbaya sana. Itabidi tumtumie kaka yenu, yule wa nusu. Aje haraka."

"Utawaambia nini watu wangu?"

"Mimi siwaambii kitu. Hiyo ni siri yako. Utawaambia wewe, ukitaka."

Basi mimi nikatoka pale na siri yangu nimeibeba, nikaenda kumwona mdogo wangu. Alikuwa kitandani, kipara kinang'aa, mkewe akimpangusa midomo. Walinitazama wote wawili kama ninavyotazamwa na watoto kupitia dirisha langu wakati wa jua kali. Walikuwa wakingoja niwape.

"Damu yangu imekataa," nikasema.

"Imekataaje?" mkewe akauliza. "Si walisema sawa kwa sawa?"

"Wamepima tena. Kipimo cha pili ni cha ndani zaidi. Imekataa."

Mkewe aligeukia dirishani. Mdogo wangu akanisaidia, kama kawaida yake: "Nilijua. Dada, hata damu yako haitaki kutoka nyumbani."

Nikacheka. Hilo ndilo ambalo mpaka leo likinijia niko peke yangu nafunika uso kwa kanga. Nilicheka naye.

Niliporudi Msambweni nilirudi nyuma ya friza yangu nikafunga nusu ya dirisha. Mume wangu nilimwambia. Alitabasamu, kisha akaniona uso akaliondoa lile tabasamu haraka kama mtu aliyevaa shati la mteja. Nilimkanya asimwambie mtu. Nilikuwa na mpango. Na mpango wenyewe ulikuwa nini? Kukaa ndani. Kuvaa madera mapana, na kumtegemea Mungu. Mtu wa nyumbani ana imani kubwa kwamba jambo likikaa ndani vya kutosha litajifuta lenyewe. Kuna alfajiri moja nililala macho juu nikitamani kiumbe kile kingetoka chenyewe, nikaugue siku chache, kisha nirudi Nairobi kuwa shujaa. Adhana ilipolia nilijishika tumbo nikamwomba msamaha. Sijui kama alisikia.

Daktari alimpigia kaka mkubwa aende. Kaka mkubwa ana ndevu, ana sauti, na kila mkutano wa ukoo yeye ndiye mwenyekiti. Tangu utoto pia anaogopa sindano. Shuleni siku ya chanjo aliruka dirisha. Akaniuliza, "Kama yako ya sawa kwa sawa imekataa, hii yangu ya nusu itafanya nini? Si kwenda kuteswa bure?" Ningeweza kumjibu pale pale. Nilimwambia, "Madaktari wanajua zaidi." Akasema atalifikiria. Daktari akampigia tena, naye akawa bado analifikiria.

Siku ya Ijumaa baada ya swala ya Alasiri tulimsomea mgonjwa dua nyumbani kwa kaka mkubwa. Wanaume walikuwa barazani mbele pamoja na ustadhi, wanawake tulikuwa uani kwenye sufuria, na katikati palikuwa na ukuta wa makuti tu, ule ambao kila kitu chapita isipokuwa macho. Mimi nilikuwa nimesimama nakoroga pilau. Shangazi alikuwa mkekani na sinia la vitunguu, akizungumza kwa ile sauti anayoamini ni ya kunong'ona.

"Mimi nilisema tangu zamani," alisema. "Mama yao, Mungu amrehemu, aligombana na ndugu yangu akarudi kwao Vanga. Akakaa kule. Kurudi hakukaa sana, akajifungua huyu wa kati. Nikasema, nikaambiwa nyamaza. Haya. Sasa mashine imesema."

"Shangazi, hapa anaombewa mgonjwa," mwanamke mmoja akamwambia. "Mwache maiti alale."

"Mimi simsemi. Ni damu iliyomsema. Mtu na ndugu yake wa tumbo moja na mgongo mmoja, damu itakataaje?"

Mwiko ulinisimamia mkononi. Watu husema wakisikia tusi la mama yao hawaoni tena mbele. Mimi niliona vizuri sana, na aibu ninayoizungumzia katika maandishi haya ni hii hasa. Niliona kwamba uongo wangu umepata pa kukaa pazuri. Mama yangu amekufa, haendi harusini, haendi kuchota maji, hatachekwa na mtu. Mimi niko hai na nina mkwe. Nikikoroga pilau yangu kimya, wao watakuwa wamejieleza wenyewe na hawatalitazama tumbo langu. Nikakoroga. Nawaambia kweli, nilikoroga mzunguko mzima wa sufuria. Mama huyo ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka Vanga, safari nyingine ya baadaye, nikiwa na surua, naye amenyeshewa, na mimi nakoroga.

Kaka mkubwa akaja kwenye mlango wa makuti kuomba maji ya kunawa. Shangazi akamdaka hapo hapo.

"Na wewe usiende huko Nairobi ukatobolewe bure. Kama ya huyu imekataa, waache."

"Siendi," akasema kaka mkubwa. Na nilimwona, wallahi nilimwona jinsi mabega yalivyomshuka kwa raha. "Nimeshaamua. Tumwachie Mungu."

Nikakiona kile kipara kinachong'aa Nairobi. Nikaona watu watatu tukimwua kwa heshima zetu, mmoja kwa sindano, mmoja kwa maneno, na mmoja kwa dera pana.

"Damu haikukataa!" Nilijisikia nikipiga ukelele. "Damu ni ya baba mmoja na mama mmoja! Hawakuichukua kwa sababu nina mimba!"

Kule barazani ustadhi alikuwa amefika kwenye kituo cha dua yake, na wanaume wote kwa pamoja wakaitikia: "Aamiin!"

Ninaijua sauti ya mkwe wangu. Ilikuwamo. Ilianza na wenzake, ikakatika katikati.

Shangazi aliweka kisu chini.

"Mimba ya nani?"

"Ya mume wangu, Shangazi! Ya nani tena?"

"Si ulisema umehama kitanda?"

"Nilihama," nikasema. "Nikarudi."

Waliangua kicheko, wengine wakalala mkekani kabisa. Binti yangu, naye akiwa na mimba ya pili, alijifunika mtandio uso mzima akaingia ndani. Mimi nilisimama na mwiko wangu, machozi yakinitiririka, moshi nikiusingizia. Kaka mkubwa alibaki mlangoni na birika tupu. Mwishowe aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwake tena: "Kwa hiyo hii ya nusu… yafanya kazi?"

"Ndiyo iliyobaki," nikamwambia. "Wanakungoja wewe tu. Na mimi ndiye niliyekukawiza."

Shangazi aliinuka kwa shida, akanipokonya mwiko. Hakuniomba radhi, hajui namna yake. Alisema, "Kaa chini. Mwenye mimba hasimami motoni." Halafu, akikoroga, nikamsikia anamsomea mama yangu Fatiha, tena kwa sauti, kila mtu asikie.

Kaka mkubwa alikwenda. Walimchoma zile sindano za kuzifukuza seli shina kutoka mifupani ziingie kwenye damu, akapiga simu nyumbani akilia kwamba viuno vinamuuma kama mzazi. Shangazi akamjibu aulizie wanaojua. Kisha wakamlaza, sindano mkono huu na sindano mkono huu, damu ikitoka upande mmoja, ikipita mashineni kuchujwa, ikirudi upande wa pili. Zilizochujwa zilitiwa kwenye mfuko mdogo, akatundikiwa mdogo wangu kama maji ya kawaida tu. Mkewe aliniambia hakukuwa na ngoma wala nini. Mumewe alilala usingizi zikiingia.

Hazikukaa kwa adabu. Zilipoota, zikamwasha ngozi, zikamchubua, zikamtibua tumbo, kama daktari alivyosema za nusu huweza kufanya, na walimtuliza kwa dawa juu ya dawa. Kila mkewe aliponiambia kwenye simu kwamba leo ametoka vipele, mimi nilihesabu vipele hivyo kuwa vyangu. Mimi nisingemwasha. Na zile siku ambazo kaka mkubwa alikuwa "analifikiria", pia nilizijumlisha kwangu. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia yote, tangu kikopo mpaka pilau. Alisikiliza. "Basi damu yako haikukataa," alisema, sauti imekwaruzwa na vidonda vya mdomo. "Ilikuwa na shughuli."

Binti yangu alijifungua kwanza, mimi nikafuata. Nilizaa msichana. Siku hiyo daktari alimpigia mkewe mdogo wangu kuuliza hali, akaambiwa habari, akatuma salamu akisema kwamba katika damu ya kitovu na kondo mna seli shina tele, na kwamba kuna nchi huzigandisha na kuzihifadhi. Mume wangu alikuwa uani na jembe, akichimba shimo la kuizikia kondo, kama wanavyozika kwetu wote. Nikamtazama akifukia, nikaitazama friza yangu ya ukwaju. Mdogo wangu alikuwa kwenye simu: "Dada, usizike yote. Nibakizie kidogo na barafu ya maziwa."

Kliniki ya watoto ndiyo iliyonitesa. Benchi lile la mbao wanakaa wasichana, wengine niliwauzia barafu juzi tu wakiwa na mikoba ya shule. "Bibi, umemleta mjukuu?" wananiuliza kwa adabu kabisa. Siku ya chanjo ya wiki sita nilijitanda mpaka machoni. Binti yangu alikataa tuende siku moja. Mkwe wangu tangu ile Ijumaa akinikuta njiani huamkia mti.

Nikiwa nimeketi hivyo, nikaona mtu mrefu mwembamba akija pole pole, kitambaa cha kuziba pua usoni, nywele zimeanza kuota laini kama za kifaranga. Alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amerudi nyumbani Kinondo majuma machache nyuma. Sikujua anakuja pale. Aliketi mwisho kabisa wa benchi, mbali na watoto wanaokohoa, kama alivyoagizwa.

Wasichana wakatazamana. Mmoja akamuuliza, "Kaka, mtoto yuko na mama yake?"

"Mtoto ni mimi," akasema.

Wakadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Uboho wake wa zamani ulipokufa, ulikwenda na kumbukumbu ya kila chanjo aliyowahi kupigwa. Pepopunda, kifaduro, dondakoo, mwili haukumbuki hata moja. Inabidi aanze upya kama aliyezaliwa jana. Hata kundi la damu yake si lile alilozaliwa nalo. Sasa ni la kaka mkubwa. "Nikianza kuitisha mikutano," aliwaambia wale wasichana, "mnifunge kamba."

Nilisogea kwenye benchi mpaka pale niliporuhusiwa. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu Nairobi, ya kumwomba radhi uso kwa uso. Nikaanza, "Mdogo wangu, siku ile nilipokwambia imekataa…"

"Dada," alinikatiza, akimtazama mwanangu kwa mbali, "nani anaona aibu zaidi hapa? Wewe umekaa na mwanao. Mimi nimekaa peke yangu, na kadi ya kliniki yenye picha ya titi."

Nesi alitoka na sinia lake. Alikuwa amekwishapata maagizo kutoka Nairobi. "Mtoto mkubwa kwanza," aliita. "Nataka nimalize naye aondoke kabla sijafungua matone ya polio, yana vijidudu hai, yeye bado hayawezi."

Benchi zima likacheka. Mdogo wangu akasimama, akakunja mkono wa shati, mkono mwembamba wenye mabaka ya vipele vilivyopona. Nilisimama naye. Hakuna aliyenituma. Nilishusha mtandio usoni ili nione vizuri, na kila mtu pale akaniona mimi ni nani na nimembeba nani. Sindano ilipoingia alipiga kelele ya uongo, "Mamaa!", na mtoto wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akaitikia kwa kilio cha kweli.